Kilomita za karatasini: kulinganisha makombora ya kutungulia ndege ukiwa Mombasa

Barazani kwetu Mji wa Kale, kandanda ikishaongelewa ikaisha, huja zamu ya vita. Muuza kahawa ameshapita raundi ya pili, kashata zimebaki vipande, na jirani yangu mmoja, baharia mstaafu, hutoa neno lake lile lile kuhusu mtambo wa Kirusi wa kutungulia ndege: "S-400. Kilomita mia nne. Hayo mengine ni mapambo." Akishasema hivyo huegemea ukuta kama mtu aliyefunga kesi. Nimemjibu kwa mdomo mara nyingi, haikufaa kitu. Leo namjibu kwa maandishi, na wewe unayesoma amua mwenyewe.

Kwanza tukubaliane kwamba sisi Mombasa jambo hili hatulioni kwenye runinga tu. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, ndege ya Arkia aina ya Boeing 757 iliruka kutoka uwanja wa Moi ikielekea Tel Aviv, na watu zaidi ya 260 ndani. Makombora mawili ya begani aina ya Strela-2 yalifyatuliwa kuifuata, yote yakaikosa. Asubuhi hiyo hiyo hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, na miongoni mwa waliokufa walikuwa wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Kwa hiyo mtu akiniambia kombora dogo si kitu, mimi huwa sicheki.

Strela-2 ni ya Urusi ya zamani, ile ya Kisovieti, ya mwisho wa miaka ya 1960. Masafa yake ni kama kilomita 3.5, na ile iliyoboreshwa ni kama 4. Jicho lake linatafuta joto la injini, tena kwa nyuma tu, na hudanganyika kwa jua na kwa fataki za moto. Wajukuu wake ni wakali zaidi. Igla ya miaka ya 1980 hufika kama kilomita 5, Stinger ya Marekani vivyo hivyo, na Mistral 3 ya Wafaransa inapita 7. Haya yote hubebwa na mtu mmoja au wawili, na yote yana dari fupi: ndege ikishapanda juu ya kilomita nne au sita hivi, hayaifikii. Ndiyo maana hatari yake ni pale ndege inapopaa au kutua. Mwaka mmoja baada ya ya kwetu, Novemba 2003, ndege ya mizigo ya DHL ilipigwa bawani ilipokuwa ikiondoka Baghdad, na marubani wakairudisha chini kwa kucheza na nguvu za injini peke yake, maana usukani ulikuwa umekufa.

Sasa tutumie ramani tunayoijua. Simama juu ya Fort Jesus, chora duara.

Kombora la begani la kilomita 5 linaishia Nyali. Hata uwanja wa ndege, ulio kama kilomita 10 kutoka hapo, halioni. Tor ya Urusi, kilomita 12, inakufikisha uwanjani na kupita kidogo. Pantsir, kilomita 20, inafunika Mtwapa na Mazeras. NASAMS ya Wanorwe, kwa kombora lake la kawaida, ni kama 25, yaani Diani mlangoni. IRIS-T SLM ya Wajerumani ni 40: umepita Vipingo, hujafika Kilifi. Iron Dome ya Israel husemwa inakabili roketi zinazotoka hadi kilomita 70, basi fikiria katikati ya Kilifi na Watamu. Patriot ya Wamarekani, ukitumia kombora lake la PAC-2, ni kama kilomita 160, na hapo umeshazimeza Malindi, Tanga na Voi kwa pamoja. S-400 kwa kombora lake la 48N6 ni 250, Zanzibar kusini na Lamu kaskazini. Na lile la mia nne la baharia, 40N6, linapita Dar es Salaam, na kwa upande wa bara linakaribia Nairobi.

Ukiitazama ramani hiyo, hoja ya jirani yangu inaonekana imeshinda. Hapa ndipo ninapomwomba asiinuke.

Duara hilo limechorwa kwa ndege kubwa inayopita juu sana, taratibu, bila kujua kinachomjia. Mia nne ya 40N6 ni kwa ndege kama zile za rada na za kujazia wenzake mafuta angani. Ukibadilisha shabaha, duara linasinyaa. Kwenye karatasi hiyo hiyo ya S-400, masafa ya kukabili kombora la balestiki, lile linalorushwa juu sana kisha likashuka kwa kasi, ni kilomita 60. Patriot nayo: kombora la 160 kwa ndege halina uwezo huo kwa balestiki, na PAC-3, ambalo ndilo lililotengenezwa kwa kazi hiyo, linalinda eneo la makumi machache ya kilomita tu kulizunguka. Anayekuuzia atakuonyesha duara kubwa. Hata muuza samaki Kongowea humgeuza changu upande wenye macho maangavu.

Kisha kuna dunia yenyewe. Dunia ni mviringo, na rada haipindi. Baharia anajua jambo hili kuliko mimi: meli ikielekea mbali huanza kuzama mwili, mlingoti ukabaki. Ukiweka rada juu ya nguzo ya mita 10, na kitu kikaja kikiruka mita 30 juu ya maji, utakiona kikiwa kama kilomita 35 tu. Si kwa sababu rada ni dhaifu, ila bahari imekificha. Kombora la kruzi huja hivyo. Droni nyingi huja hivyo. Sasa hiyo mia nne inakusaidia nini kama adui ataibukia Vipingo? Utaipata tu ukiwa na rada iliyo angani au juu ya mlima, na huo ni ununuzi mwingine kabisa. Mnara mrefu husaidia, lakini ukiipandisha rada hadi mita 40 bado utaongeza kama kilomita 13 tu. Nilimpigia hesabu hii kwa kalamu kwenye karatasi ya kashata. Alinyamaza, akaagiza kikombe kingine.

Saudi Arabia ilijifunza hili kwa gharama. Ina Patriot, tena za kutosha, na ndugu zetu wengi wa Pwani wanaofanya kazi kule wamezoea kusikia zikifyatuliwa. Tarehe 14 Septemba 2019, droni na makombora ya kruzi yalipiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais. Yalikuja chini chini. Rada ya Patriot ya wakati huo haizunguki. Inatazama sehemu moja ya anga, kama theluthi ya duara. Ukiielekeza kusini, mgeni akaja kwa mlango mwingine, inabaki kutazama ukuta. IRIS-T SLM na NASAMS zina rada zinazozunguka pande zote, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kilomita mia za ziada. Wamarekani wenyewe wanatengeneza rada mpya ya Patriot itakayoona pande zote. Wasingefanya hivyo kama ile ya kwanza ingetosha.

Kuhusu THAAD, mtambo mwingine wa Wamarekani, nitasema haraka, maana watu huitaja ili waonekane wanajua. Masafa yake ni kama kilomita 200 na hupiga hadi kimo cha kilomita 150, nje ya hewa. Haina baruti kichwani, hugonga tu. Lakini kazi yake ni makombora ya balestiki pekee. Droni ikipita chini yake, haina la kuifanya. Usiiweke kwenye mzani mmoja na hizi nyingine.

Risasi ngapi, na kwa bei gani

Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na mizinga yake ililitawala lango la bandari. Mwaka 1696 Waomani waliizingira. Kuta hazikubomoka na mizinga haikukosa masafa. Walioko ndani waliishiwa: chakula, afya, watu. Ngome ikachukuliwa Desemba 1698 ikiwa na watu wachache sana waliobaki wamesimama. Huwa nawapitisha wageni mahali pale, na kila nikisoma habari za vita vya leo nakumbuka ghala lile tupu.

Mtambo mmoja wa Patriot hubeba makombora 4 ya PAC-2, au 12 ya PAC-3 ya kisasa. S-400 hubeba manne makubwa kwa gari moja. NASAMS sita, IRIS-T SLM manane, Pantsir kumi na mawili pamoja na mizinga ya milimita 30. Iron Dome ishirini. Sasa weka bei. Kombora moja la PAC-3 MSE, hilo la kisasa, ni karibu dola milioni 4. Droni aina ya Shahed, ile inayonguruma kama pikipiki ya bodaboda, hukadiriwa dola elfu 20 hadi 50. Hata ukiitungua, aliyepata hasara ni nani? Tena ukipeleka mawili kwa droni moja, kama desturi ilivyo ili uwe na uhakika, ghala lako linaisha usiku wa pili.

Hapa Iron Dome ina akili ambayo wengi hawaitaji. Kombora lake la Tamir ni dola elfu 40 hadi 50 hivi, nafuu kwa kabila lake. Lakini uhodari wake mkubwa ni kuacha. Rada hupiga hesabu roketi itaangukia wapi, na ikiwa ni shambani au jangwani, mtambo hunyamaza. Ilianza kazi mwaka 2011, na kunyamaza huko ndiko kulikoifanya idumu. Ila usinunue Iron Dome ukidhani utazuia ndege za kivita za mbali. Ilizaliwa kwa roketi za karibu, na kwa nchi ambayo jirani yake anarusha roketi kila mara. Mombasa haina jirani huyo.

Pantsir kwenye karatasi ndiyo jibu la droni: makombora ya kilomita 20, na mizinga kwa kilichopenya. Libya mwaka 2020 droni za Bayraktar za Uturuki zilizipiga kadhaa zikiwa zimesimama peke yao, nyingine zikiwa njiani. Warusi wenyewe huitengeneza ikae karibu na S-400 ili iilinde. Maana yake ni kwamba hata hiyo ya mia nne inahitaji mlinzi. Agosti 2023 Waukraine waliipiga S-400 moja huko Tarkhankut, Crimea, na picha zake dunia nzima ikaziona. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Nisije nikaonekana naichukia. S-400 inamlazimisha adui aweke ndege zake kubwa mbali, na hilo si dogo kwa nchi pana. India iliagiza vikosi vitano mwaka 2018 kwa zaidi ya dola bilioni 5, na India ina mipaka ya kuitumia. Uturuki nayo ilianza kupokea yake Julai 2019, na ikatolewa kwenye mradi wa ndege za kivita za F-35 za Marekani. Hiyo ni bei ambayo haikuandikwa kwenye hati ya mauzo. Patriot pia nampa haki yake: Mei 2023 juu ya Kyiv ilitungua Kinzhal, kombora ambalo Urusi ilikuwa ikilisifu kwamba halizuiliki. Kwa balestiki, kati ya zile unazoweza kuegesha mjini, sioni ya kuipiku.

Wale watatu ndani ya kibanda

Kuna safu moja ambayo haiko kwenye jedwali lolote la kulinganisha, nayo ni watu. Kikosi kimoja cha Patriot kina askari kama 90, lakini wakati wa mapambano wanaoamua ni watatu waliokaa ndani ya kibanda kidogo. Mtambo huwasaidia, na wakati mwingine huwapotosha. Tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, Patriot ilikuwa imewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Saa ya kompyuta yake ilikuwa ikikosea kidogo kidogo, hadi ikafika thuluthi moja ya sekunde. Kwa Scud, kombora la balestiki la Iraq, inayokuja kwa kasi, thuluthi hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo, haukufyatua, na askari 28 wa Marekani wakafa. Mwaka 2003 Patriot ilitungua ndege ya kivita ya Tornado ya Waingereza, marafiki, na siku kumi baadaye ndege ya jeshi la majini la Marekani lenyewe.

Na raia? Julai 17, 2014, kombora la Buk lilitungua ndege ya Malaysia MH17 juu ya mashariki ya Ukraine, watu 298. Januari 8, 2020, Tor ilipiga ndege ya shirika la Ukraine iliyotoka tu Tehran, watu 176. Tor ile haikuwa na kasoro ya masafa wala ya shabaha. Ilipiga ilichoelekezwa. Mombasa ina uwanja ambao ndege za watalii hushuka usiku na mchana. Kwa hiyo, mfumo wowote utakaowekwa hapa, swali langu la kwanza si unafika wapi, ni unajuaje kwamba kile kinachokuja ni ndege ya abiria iliyochelewa kutoka Ulaya, na nani anazungumza na mnara wa uwanja.

Ukinilazimisha nichague

Haya, tuseme nimepewa fedha za kulinda bandari ya Kilindini, matangi ya mafuta ya Changamwe na uwanja wa Moi. Vyote hivyo viko ndani ya kilomita kumi na kidogo. Sihitaji Dar es Salaam.

Ningeangalia tatu za masafa ya kati: NASAMS, IRIS-T SLM na SPYDER ya Israel, ambayo jina lake limekuwa likitajwa kwenye magazeti yetu. SPYDER ya masafa mafupi ni kilomita kama 20 na ya kati ni 35 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba inabeba makombora mawili tofauti, Python-5 linalofuata joto na Derby linalotumia rada, basi adui hadanganyi macho yote mawili kwa hila moja. NASAMS hutumia kombora la AMRAAM, lile lile linalobebwa na ndege za kivita, na kwa nchi yenye ndege za kulibeba hiyo ni akiba kubwa: ghala moja, mafundi wamoja. Ndege zetu za F-5 si za kombora hilo, kwa hiyo faida hiyo kwetu haipo. Lakini ni mfumo uliokomaa. Umekuwa ukilinda anga ya Washington tangu mwaka 2005. IRIS-T SLM ndiyo yenye mkono mrefu kidogo, kilomita 40 kwenda na 20 kwenda juu, na hufyatua wima, kwa hiyo haijali adui anatokea Nyali au Likoni. Tangu ilipofika Ukraine Oktoba 2022 imepata sifa kwa kruzi hasa.

Doa lake ni jicho la joto. Wakati wa masika, mawingu yamelala juu ya bahari na mvua inanyesha kwa siku, jicho la joto huona haba. Kombora huongozwa na rada hadi karibu, ndipo lijitazamie lenyewe, hivyo si kipofu. Ila mimi ningelala usingizi zaidi nikijua kuna jingine la rada kando yake. Na chumvi! Mtu yeyote aliyewahi kuegesha gari karibu na Mama Ngina anajua chumvi ya Bahari ya Hindi inafanya nini kwa chuma. Kabla ya kuuliza kilomita ningeuliza vipuri vinatoka wapi, vinachukua miezi mingapi, na nani hapa nchini anaweza kufungua rada na kuirudisha ikiwa nzima.

Kwa hiyo: SPYDER kama pesa ni chache na nataka jicho la joto na la rada kwa pamoja, IRIS-T SLM kama hofu yangu kubwa ni kruzi za kutoka baharini. NASAMS ingekuwa ya kwanza kama tungekuwa na ndege za kushiriki nayo makombora. Chini ya yoyote kati ya hizo, mizinga ya kawaida ya droni, tena mingi, kwa sababu risasi yake ni rahisi. Na kwa lile kombora la begani la mwaka 2002, hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa. Mtu aliyejificha karibu na uwanja hazuiliwi na kombora. Huzuiliwa na doria, na wanakijiji wanaojua mgeni ni nani na gari lile lisilofahamika limeegeshwa pale tangu lini.

Nilimsomea baharia haya yote jana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema bado S-400. Nikamwuliza ataiweka wapi, maana si gari moja, ni msafara wa malori mazito ya rada, ya amri na ya makombora. Akasema ng'ambo, Likoni, kwenye nafasi. Nikamwambia basi aanze kupanga foleni ya feri sasa hivi.

"Feri ya nini?" akanijibu. "Tutapita barabara ya Dongo Kundu."